Mjomba kanunua gari ya michezo ya klachi mbili, ikagoma na bibi harusi ndani njia ya Mgeta

Wakuu, heshima zenu. Na wale wa form two mnaosoma humu kwa simu za mama zenu, nawasalimia pia.

Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho, nikiwa siti ya nyuma, magoti yamegusa kidevu. Atakayebisha abishe. Mashahidi ni ukoo mzima, shida ni kwamba hakuna hata mmoja atakayekubali kuwa upande wangu.

Nimefuatilia ule uzi wenu wa manual na dual clutch mpaka nikachoka. Mnatukanana watu ambao hata baiskeli za gia hamjawahi kumiliki. Mimi sina leseni, niko form five, lakini nina kitu ambacho nyie hamna. Nina mjomba.

Mjomba Kaloli ni mtu wa kabichi. Anakusanya mboga Mgeta, anapakia kwenye Fuso, anashusha Dar. Makazi yake yako Mlali, chini ya milima. Kwa wasiotujua sisi Waluguru, kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Baba yako anaweza kusema hapana na bado likafanyika, ila mjomba akikohoa tu, kikao kimeahirishwa.

Sasa mwaka jana mjomba kaamua anataka gari ya michezo. Milango miwili, iko chini kama kobe, used kutoka Japan. Kampuni siitaji, gari yenyewe haina kosa, mtaona.

Mama akamuuliza kwa upole, "Kaka, hiyo gari utaipitisha wapi huku?"

Mjomba akasema, "Enzi za kuomba kibali mpaka cha kununua kandambili zimekwisha. Hii ni soko huria. Ninanunua ninachotaka."

Hilo neno soko huria analitumia kwa kila kitu. Ukimwambia apunguze chumvi, soko huria.

Kwenye mtandao zilikuwepo mbili, zimefanana kila kitu mpaka rangi. Moja manual, nyingine dual clutch. Akaniita mimi, kwa sababu ndiye "mtaalamu wa intaneti". Hapo ndipo maumivu yangu yalipoanza.

Nikamweleza kwa utulivu kabisa. Manual, klachi unaikanyaga mwenyewe. Hii nyingine ina klachi mbili zinazokanyagwa na kompyuta. Moja inashika gia moja, tatu na tano, ya pili inashika mbili, nne na sita. Ukiwa kwenye gia ya pili, ya tatu imeshakaa tayari inasubiri. Ndiyo maana inabadilisha gia kabla hujapepesa jicho.

Ila, nikamwambia, siyo auto ya kawaida ile. Ndani bado ni klachi, na klachi ukiiburuza pole pole kwenye mlima inasuguana na kuchemka. Kwa njia za huku, mjomba, chukua manual.

Akaniangalia. Akauliza, "Yenye klachi moja na yenye klachi mbili, bei inakaribiana?"

"Inakaribiana."

"Sasa wewe unataka ninunue moja nikiachiwa mbili? Shuleni mnasoma hesabu kweli?"

Nilibishana naye mwezi mzima wakuu. Nilimchorea. Nilitumia vifuniko vya sufuria vya mama kuonyesha klachi inavyosuguana. Mwisho akasema mimi natumiwa na wenye manual. Akaagiza klachi mbili.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Dada yangu mkubwa, Skolastika, sisi tunamwita Skola, alikuwa ameshachumbiwa na harusi imepangwa parokiani huko juu Mgeta. Mjomba, kwa nafasi yake, ndiye wa kumfikisha kanisani. Akasema hampeleki mpwa wake na gari ya kukodi. Meli ikachelewa bandarini. Mjomba akaahirisha harusi.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Aliahirisha harusi ya watu akisubiri gari.

Ukweni wakaanza kusema mjomba hataki kumwachia mtoto. Dada Skola hakusema kitu. Yeye ni mtu wa kazi, anaendesha pikapu ya mjomba kupeleka mboga soko la Morogoro mjini, hana maneno mengi. Ila nilimjua, ule ukimya haukuwa wa amani.

Gari ikafika. Tarehe mpya ikapangwa, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresma. Padri akasema wazi, misa ni saa nne, na akimaliza anapanda pikipiki kwenda kigango kingine. Mkikosa hapo, subirini Pasaka ipite.

Kwa hiyo muelewe kilichokuwa kinabebwa siku ile. Harusi ikiahirishwa tena, kwa mkono wa mjomba yule yule, ukweni wasingesubiri. Shemeji mwenyewe alishamwambia dada kwamba baba yake ameanza kumtafutia mke kwingine.

Asubuhi ya Jumamosi tukatoka Mlali. Mjomba usukanini na suti ya rangi ya maziwa. Dada mbele kushoto, gauni lina ringi ndani, limejaa mpaka kwenye dashibodi kama limepuliziwa pampu. Mimi nyuma, nimepewa kazi ya kushika mkia wa gauni usikunjamane. Matroni hakuenea, akapelekwa kwenye Coaster na akina mama.

Greda lilikuwa limepita juzi yake, namshukuru Mungu na mtu wa greda.

Mbele yetu pikapu ya matarumbeta kutoka mjini. Na nyie mnajua matarumbeta yanavyotembea. Hayatembei. Kila penye nyumba mbili na mgomba, akina mama wanashuka kwenye Coaster wanacheza mbele ya pikapu, pikapu inajikokota, sisi tunajikokota nyuma yake. Tena mlimani.

Mjomba naye ana tabia ya madereva wa Fuso. Kwenye mlima hakanyagi breki. Anashikilia gari kwa mafuta, inaning'inia pale pale, haiendi mbele hairudi nyuma. Kwenye Fuso ni ufundi. Kwenye klachi mbili ni kukaanga.

Nikasema, "Mjomba, kanyaga breki. Unaunguza klachi."

"Ninazo mbili."

Wakuu. Niliangalia dirishani nikahesabu migomba.

Baadaye kidogo gari ikaanza kuongea. Sauti ya dada wa Kijapani, taratibu, na maandishi yakatokea kwenye kioo cha dashibodi. Tatizo ni kwamba ile gari tangu itoke bandarini inaongea Kijapani. Ukiwasha inaongea, ukizima inaongea. Mjomba alishaamua kwamba inasalimia, na huwa anaiitikia.

"Marahaba," akasema.

"Mjomba, hayo maandishi ni mekundu."

"Imeona harusi."

Ikaja harufu. Anayejua klachi inayoungua anaijua, inaingia puani inakaa. Mjomba anaijua kuliko sisi wote, miaka yote hiyo kwenye Fuso. Akavuta pumzi, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hao vijana wa matarumbeta wanaua pikapu ya watu," akasema. "Watu wa mjini hawajui mlima."

Nilitaka kulia. Sisemi hivyo kunogesha.

Kona iliyofuata gari ikaacha kuvuta. Injini inanguruma, tairi hazizunguki. Mjomba akaongeza mafuta, ikanguruma zaidi. Tukaanza kurudi nyuma taratibu, akavuta hendibreki.

Akashuka, akafungua boneti, akaangalia ndani kama mtu aliyefungua friji ya jirani. Fundi wake yuko Dar. Matarumbeta yanaendelea kupiga, maana wamelipwa kupiga.

Nikajinyoosha mbele, nikatoa kichwa dirisha la dereva. "Mjomba, haijafa. Imechemka, imeziachia klachi yenyewe zisiungue. Weka P, iache injini ingurume, itapoa. Ikipoa twende mwendo wa kawaida, isijikokote tena. Ugonjwa wa hii gari ni matarumbeta."

"Matarumbeta ndiyo harusi," akasema. "Unataka mpwa wangu aingie kanisani kimya kama anapelekwa zahanati?"

"Padri anaondoka."

"Padri ananijua. Kanisa lile mabati nimetoa mimi."

Aliweka P lakini. Tukasubiri. Akina mama wakatuzunguka wakicheza, wakidhani tumesimama kwa ajili yao. Baadaye maandishi mekundu yakafutika, na dada wa Kijapani akasema neno fupi.

Mjomba akafunga boneti, akaingia, akafunga mkanda. "Haya," akasema, "pole pole nyuma ya bendi."

Ndipo dada Skola alipofungua mlango wake.

Akashuka na gauni lake lote. Akazunguka mbele ya gari. Akasimama upande wa dereva, akafungua.

"Mjomba, hamia kule."

"Nini?"

"Hamia siti ile."

"Skola, watu wanaangalia."

"Waangalie. Hii harusi uliiahirisha mara ya kwanza kwa ajili ya gari, nikanyamaza kwa heshima yako. Leo siahirishi kwa ajili ya tarumbeta. Naomba uhamie, mjomba wangu."

Aliongea kwa sauti ya chini kabisa. Mjomba akaangalia bendi, akaangalia akina mama. Mama yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa Coaster, akageuza uso kuangalia migomba. Basi akahamia. Nilichomsikia akisema ni, "Na gauni je?"

Gauni lilikuwa kazi. Dada alivua viatu, akanirushia. Akakanyaga breki, akaweka D na kushusha hendibreki kwanza, halafu lile gauni lote tukalisukuma kushoto, likafunika gia, likafunika hendibreki, likafunika na nusu ya mjomba. Mguu wa kushoto wa dada ulizama humo ndani na ringi ikaubana, hauwezi kwenda popote. Ukabaki mguu wa kulia tu, uko huru, uko peku.

"Hivi viwili nyuma ya usukani ni nini?" akaniuliza.

"Ni vya kubadilishia gia. Kulia inapanda, kushoto inashuka."

"Mi nikajua ni vya wiper," akasema mjomba kutoka ndani ya gauni. Na hiyo gari anayo miezi sasa.

Dada akapiga honi moja. Akina mama wakatawanyika. Tukaipita pikapu ya matarumbeta, vijana wakasimama na midomo kwenye mabomba, mmoja tu aliyefumba macho ndiye aliendelea kupiga.

Wakuu, ile gari ilikuwa inangoja siku hiyo. Kona ikija anagusa kushoto, inashuka gia, anageuza, anagusa kulia, inaondoka. Hakuna kusita. Hakuna harufu. Sauti inagonga mlima wa pili inarudi. Wenye kubeba mboga kichwani walikuwa wanatupisha wakishangilia, wengine wakifanya ishara ya msalaba. Mjomba ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili, na kila kona mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga klachi ambayo haipo.

Tukafika. Padri yuko nje ya kanisa, kavua kanzu, kofia ya pikipiki mkononi. Shemeji kasimama pembeni na baba yake, wamenuniana.

Dada akashuka upande wa dereva, peku. "Tumsifu Yesu Kristo, padri."

"Milele amina." Akamwangalia miguu, akaangalia usukani. "Mjomba wako yuko wapi? Nani anakuleta?"

Mlango wa kushoto ukafunguka, mjomba akatoka akijikung'uta, akarekebisha suti. "Nimemleta mimi," akasema.

Padri akatundika kofia kwenye pikipiki. Akarudi ndani kuvaa kanzu. Harusi ikafungwa. Matarumbeta yalifika wakati wa picha.

Sasa sikilizeni kilichonikera mpaka leo.

Jioni ukumbini mjomba akapewa kipaza sauti. Nikajua ataomba radhi, angalau kwa ukweni. Akasema hivi, "Kuna mtoto humu alinisumbua mwezi mzima ninunue manual. Ningemsikiliza, leo tusingekuwa na harusi. Bibi harusi ana gauni la ringi, angekanyaga klachi na mguu gani? Mkono angeupitisha wapi kushika gia?"

Ukumbi ukacheka. Dada akacheka mpaka akafuta macho. Na mimi nikainamia soda yangu. Kwa sababu ni kweli.

Nilikuwa sahihi kwa kila kitu, wakuu. Klachi ilichemka kama nilivyosema, kwa sababu niliyosema, na mlimani kule kule. Na bado manual ingetuangusha pale pale alipohamia dada. Mtu hakusikia hata neno moja nililomweleza, akanunua kwa hesabu ya vifuniko viwili ni bora kuliko kimoja, na kapatia.

Nilichojifunza: nyie wote kule kwenye uzi mnaulizana gari inakimbia vipi. Ulizeni kwanza itatembeaje pale isipokimbia, na nani atashika usukani siku mwenye gari akishindwa. Dual clutch ipe mwendo, itakupenda. Ukiiburuza, itakuongelesha Kijapani. Manual itakuvumilia kila ujinga, mradi una miguu miwili.

Wenye dual clutch mnaopanda milima semeni mnaishije. Wenye manual, njooni hapa mnitetee kwa hoja, nitaprinti majibu yenu nimpelekee mjomba. Kuanzia harusi ile ananiita Fundi Klachi Moja, na jina limeshafika shuleni.