Pikipiki ya Kukulia

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata spana. Fomani wa karakana ya shamba moja la mkonge, upande wa Korogwe, alinisimamisha mlangoni akaniambia nitazame visigino. Wanyapara walikuwa wanagawiwa pikipiki za kuzungukia mashamba, na kila mmoja aliitaka ile kubwa. Fomani aliwapandisha juu ya siti mmoja mmoja.

"Ukiona mtu miguu inaning'inia, mshushe," aliniambia. "Akinuna, anune. Kwanza mpime mtu, pikipiki baadaye."

Nilimwona ni mzee mwenye roho mbaya. Mimi nilitaka kufungua injini, si kukagua miguu ya watu.

Kutoka hapo nilikwenda Lutindi, milimani, kutunza pikipiki za mradi wa maji. Mkuu wa usafiri alikuwa mpole, lakini breki hakuzifanyia mzaha. Alikuwa akisema, "Fundi, pikipiki ikigoma kuwaka tutatembea. Ikigoma kusimama, tutazika." Kwenye miteremko ile ya matope nilimwelewa haraka. Miaka yangu ya mwisho ya kazi nikarudi nyumbani Handeni, nikafungua gereji yangu Chanika, na huko ndiko nilikokutana na kazi ambayo hakuna bosi aliyenifundisha: kumchagulia mtoto pikipiki.

Nazungumzia zile pikipiki ndogo za vumbi, zenye matairi ya meno na shokapu ndefu za kumezea mashimo. Familia chache zenye mashamba zilikuwa zimesafisha uwanja kwenye mkonge uliokufa, na watoto wao wakicheza hapo Jumapili, wamevaa kofia ngumu na mabuti. Ile ya kuanzia haina klachi. Mtoto akivuta ekseli inaondoka, akiachia inatulia. Akirefuka, magoti yanagusa usukani na shokapu inagonga chini kila akiruka. Hapo anahitaji ya pili, yenye klachi na gia, na hapo ndipo wazazi wanaponitia wazimu.

Mwanaisha alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ile yake ya kuanzia ilikuwa imeshakuwa ndogo kwake. Baba yake, mfanyabiashara wa Kabuku, aliniomba niende naye uwanjani kwa sababu muuzaji alikuwa ameleta pikipiki mbili zijaribiwe, ya kati na kubwa. Mtoto aliniamkia vizuri, "Shikamoo babu," lakini macho yake yalikuwa kwenye ile kubwa. Nikampandisha. Ncha za buti hazikufika chini, na vidole vyake viliugusa mkono wa klachi kwa tabu.

"Hii bado," nikasema. "Chukua ya kati."

"Fundi, huyu anarefuka kila siku," Baba Mwanaisha akanijibu. "Sare ya shule namnunulia ya kukulia. Viatu vya Idi vya kukulia. Na hii vilevile."

"Sare ikizidi unakunja pindo. Hii utaikunja wapi?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Kisha akaishika pikipiki kwa nyuma, akaiwasha, akamwambia binti yake aende. Nilisema asimwachie. Alimwachia.

Mzunguko wa kwanza ulipendeza. Mama Mwanaisha alipiga vigelegele. Wa pili, watu wakapiga makofi. Wa tatu nikaanza kusikiliza injini, maana ilikuwa inalia gia ya kwanza tu, juu juu, bila kubadilishwa. Alipotupita nilimtazama usoni kupitia uwazi wa kofia. Hakuwa anacheka. Mdomo wake ulikuwa wazi na macho yamemtoka.

"Baba Mwanaisha, huyu hachezi. Hawezi kusimama."

"Si ana breki?"

"Akisimama ataweka mguu wapi? Itamwangukia, na anajua."

Alinikodolea macho, kisha akaanza kukimbia. Nikamfokea arudi, asiingie mbele ya tairi. Upande wa mashariki uwanja una mwinuko, na nilijua kwamba hapo mwendo ungepungua. Tukaenda kusimama kandokando yake, yeye kushoto, mimi kulia. Mama alikuwa ameshaacha vigelegele, anaita jina la mwanawe tu. Mzunguko mmoja mtoto alitupita bila sisi kumfikia, na pikipiki ikayumba karibu na visiki vya mkonge. Nilidhani tumempoteza.

Aliporudi nilipaza sauti, "Achia ekseli! Achia, tupo!" Akaachia. Injini ikakoroma ikazima, pikipiki ikalala upande wa baba yake, naye akaipokea kwa mwili wake wote. Ekzosi ilimuunguza shavu la mguu. Hakuiachia mpaka nilipomtoa mtoto.

Mwanaisha alilia. Kisha, akiwa bado kifuani kwa mama yake, akasema, "Sitaki ile ya kati! Ya watoto!"

Baba yake alinitazama. Najua alitaka nimpe njia ya kumridhisha. Mimi mwenyewe moyo uliniuma, kwani alikuwa binti mwenye adabu na alikuwa akinipenda. "Ya kati," nikasema. "Au arudi na ile ndogo." Walichukua ya kati. Toka siku hiyo Mwanaisha hakuniamkia tena.

Sasa nimestaafu. Mikono haishiki bolti ndogo, gereji nimemwachia mpwa wangu. Vijana wananiuliza nini kigumu kwenye ufundi, wanadhani nitasema injini. Kigumu ni kumnyima mtoto anachokitaka, wazazi wake wanakutazama, na wewe huna la kuonyesha isipokuwa visigino.

Jumapili moja nilikwenda tena uwanjani. Mtoto mmoja alianguka kwenye kona, na Mwanaisha, juu ya ile ya kati, alikuwa nyuma yake kwa kasi. Nikasimama. Akafunga breki, akateremsha mguu, buti likakaa lote kwenye vumbi. Alimsubiri mwenzake ainuke, akaondoka, akanipita akiwa amekaza shingo. Mama yake aliona haya, akataka kumwita aje anisalimu.

"Mwache, Mama Mwanaisha," nikamwambia. "Mwache apite."