Nyonga ya Chuma kwenye Njia ya Zennor

Jirani yangu Loveday Nancarrow hapendi kuonewa huruma, na ukithubutu atakukomesha. Tangu ujana wake alifua mashuka ya hoteli hapa St Ives, mji wa pwani ya Cornwall, akayapandisha yakiwa mabichi hadi kwenye kamba za kuanikia kule kilimani, mpaka nyonga ikasagika. Madaktari wakamwekea ya chuma. Ndipo mwanawe Jory, mtu mzima aliyeanza kuota mvi, akaja kutoka Exeter anakoishi, nje ya Cornwall, na habari za fleti yenye lifti.

"Mama, ngazi za nyumba hii zitakuua. Mwenye fleti anataka jibu Jumapili."

"Basi Jumamosi twende Zennor, turudi kwa miguu kwa njia ya pwani, tulale hemani pale kwenye uwanja wa mahema juu ya mji. Nikishindwa, nahama bila neno. Nikifika, hiyo fleti kalale wewe."

Jory alicheka. Mimi sikucheka. Njia ile ya kutoka kijiji cha Zennor hata vijana huitukana: majabali, tope, mteremko, mlima, kisha mteremko tena. Nilimwambia Loveday amechanganyikiwa.

"Wewe kazi yako chai," akanijibu. "Nenda uwanjani ukatungoje."

Nikawangoja kweli. Ya njiani nimesimuliwa na wote wawili, na ajabu ni kwamba hawakupingana.

Jory alitangulia na hema mgongoni, akigeuka kila mara. "Pole pole, Mama."

"Kwani nani anakimbia?"

Loveday alibeba nguo na pasti zao, mikate iliyojazwa nyama na viazi. Palipokuwa na majabali makubwa alishuka kwa makalio, bila aibu yoyote. Mchana walipokaa kula, Jory, jasho likimtiririka, akauliza kama bado ni mbali.

"Tutafika dreckly, kijana wangu."

Neno hilo lilimponza. Kwa watu wengine maana yake ni sasa hivi. Kwetu Cornwall ni baadaye: labda leo, labda wiki ijayo, na akilitamka fundi bomba, usimngoje. Kila mtoto wa hapa analijua. Lakini Exeter ilikwisha kumwosha Jory masikio. Akaamini mji uko nyuma ya kilima kinachofuata. Akanywa maji yake yote, ya mwisho akajimwagia kichwani, akachapua mwendo ili safari iishe. Kilima kile kikazaa kingine, na hicho kikazaa kingine, mpaka misuli ya mapaja ikakakamaa, akaketi topeni akiugulia.

Loveday akamkuta hapo. "Maji yako wapi?"

"Yamekwisha. Si ulisema tumekaribia?"

"Nilisema dreckly!"

"Ndiyo. Sasa hivi."

"Yesu wangu, nimezaa Mwingereza!" Kwetu Cornwall, tusiojihesabu Waingereza, hakuna tusi zito kuliko hilo. Alicheka mpaka akashikilia ukuta wa shamba. Kisha akamnywesha maji yake, akamkanda mapaja kama anayekanda unga, akamvua hema mgongoni.

"Mama, hapana. Nyonga yako!"

"Lete hapa. Mashuka mabichi yalikuwa mazito kuliko hiki kitambaa chako."

Jua lilikuwa bado juu ya bahari nilipowaona. Loveday mbele, hema mgongoni, uso mwekundu kama nyanya. Jory nyuma kabisa, akijikokota. Nilipiga kelele hadi wenye mahema mengine wakatoka nje, wakaanza kupiga makofi bila kujua wanashangilia nini. Nililia, wala sioni haya kusema. Loveday hata hakukaa. Alipigilia kwanza vigingi vya hema, kigingi baada ya kigingi, ndipo akadai chai yake.

Jumapili asubuhi nilikuwa nje ya hema lao nakaanga mayai, Loveday akinielekeza kama kawaida yake, simu ya Jory ikalia. Alikuwa bado amelala chali, miguu imegoma. Tukatega masikio.

"Hapana, mzee, mpangishe mtu mwingine tu. Mama hahami." Akasikiliza kidogo. "Mgonjwa? Nani kakwambia ni mgonjwa? Nimemfuata nyuma tangu jana mchana, bwana, na mpaka sasa sijamfikia."