Kamba ya Shemeji

Watu wa mtaani walipoona picha za dada yangu amevaa kofia pana kwenye mashua ya matanga, walisema amekwenda kula raha. Raha ya wapi! Siku ishirini na sita majini, watu wawili, chombo chenye chumba kimoja kisichozidi banda lake la kushonea, ambamo wakiingia wateja watatu, wa nne husubiri nje.

Dada ni fundi cherehani. Shemeji ni baharia mstaafu, na chombo kile alikiunda kwa mikono yake miaka tisa, nyuma ya nyumba, huku dada akimwambia kitaoza kabla hakijaona maji. Hakikuoza. Mdomo ulimponza dada: alikuwa ametamka mbele ya watoto kwamba kikielea, atapanda.

Maisha ya humo yalikuwa ya zamu. Kwa muda wa saa nne mmoja yuko juu, anaangalia upepo, tanga na meli kubwa zinazoweza kukusaga bila kukuona. Mwingine yuko chini, amelala kwenye kitanda chenye ukingo wa turubai ili asibiringike. Walionana robo saa tu, kwenye kikombe cha chai. Wali ulipikwa kwa maji ya bahari nusu na ya kunywa nusu, sufuria imefungwa kwa waya, maana jiko lenyewe lilibembea kutwa kucha. Kuoga kulikuwa kitambaa kibichi tu. Dada anasema kufikia siku ya kumi angeweza kumtambua mumewe gizani kwa harufu.

Sheria kubwa ilikuwa moja. Aliye juu avae mkanda wa kifuani, na kamba ya mkanda huo aifunge kwenye chombo kwa kulabu. Ukianguka huku mwenzako amelala, hakuna wa kukusikia. Sheria hiyo aliitunga shemeji mwenyewe.

Siku ya kumi na mbili dada aligusa mkanda wa mumewe ukiwa unaning'inia. Wake yeye ulikuwa umekakamaa kwa chumvi. Wa shemeji ulikuwa laini, kama umetoka dukani jana. Fundi ni fundi: alizungushia uzi mweupe mdomo wa kulabu, akaukaza, hivi kwamba kulabu isingefunguka bila uzi kukatika.

Zamu ya mumewe ilipokwisha akamuuliza, "Umejifunga leo?"

"Nimejifunga, mama. Kati yangu na wewe, nani baharia?"

Uzi ulikuwa mzima.

Mimi ningemtolea uvivu palepale. Dada yangu ana subira, na subira yake ndiyo inayotisha. Ila tangu saa hiyo hofu ilimwingia na usingizi ukamruka. Alijilaza tu, akisikiliza nyayo za mumewe juu ya dari, na zikinyamaza moyo unamlipuka.

Siku ya kumi na nne, alasiri, upepo mkali, uchovu ukamshinda akasinzia. Alipozinduka, juu kimya. Akachungulia. Kiti cha usukani kitupu, usukani wenyewe umefungwa kamba. Akaita. Kimya. Akaita tena kwa jina lake hasa, ambalo hakuwa amelitumia tangu wapate mtoto wa kwanza. Ndipo akamwona, mbele kabisa ya chombo, nyuma ya tanga dogo, amechuchumaa anafungua fundo, mkono mmoja umeshika waya. Mkanda hana.

"Kumbe ulikuwa unaita?" shemeji aliuliza aliporudi, anacheka. "Vipi, umeota vibaya?"

Dada alichukua dumu tupu la njano la maji ya kunywa, akakaza kifuniko, akalitupa baharini.

"Mama! Una wazimu?"

"Huyo ni wewe. Kaa. Mimi ndiyo kwanza nimeamka."

Akashika usukani. Mumewe alikuwa amemfundisha mengi: kupunguza tanga, kusoma ramani, kuita kwa redio. Kumrudia mtu aliyeanguka hakumfundisha hata siku moja, kwa sababu akilini mwake wa kuanguka alikuwa mke. Dada akageuza. Tanga likapiga kelele kama bati linaloezuliwa, mti unaolishika kwa chini ukapita juu ya vichwa vyao, chombo kikasimama kinatikisika tu. Shemeji akanyanyuka, mkono unaelekea kwenye kamba ya tanga.

"Maiti haishiki kamba," dada alimwambia. "Kaa!"

Dumu likaonekana juu ya wimbi, likapotea, likaonekana tena, dogo kama punje ya hindi. Chombo kilipokubali kugeuka, hakukuwa na kitu. Dada alizunguka mara mbili akilia waziwazi, kamasi na yote. Shemeji aliacha kumtazama yeye. Alisimama, akakinga macho kwa kiganja, akatafuta. Jua lilikuwa tele, na popote alipoangalia hapakuwa na rangi ya njano.

"Umeniona mpaka lini?" aliuliza mwishowe.

"Wimbi la tatu."

Shemeji alishuka chini, akarudi amevaa mkanda. Kulabu ikamkataa mara mbili.

"Kesho nitakufundisha kugeuza chombo," alisema. "Ili uweze kunirudia."

"Kesho kakuahidi nani?" dada akasema, akichukua dumu la pili. "Leo."