Utomvu wa Ojuok Uliponifumba Macho

Nilizaliwa Migori, katika boma lililozungushiwa ua wa ojuok, ule mmea wa kijani usio na majani ya maana, unaotoa maziwa ukivunjwa. Mama alitukataza kuugusa. "Utapofuka," alisema, basi. Nilipomaliza shahada ya botania nilijiambia kwamba wazazi walitutisha tu ili tusiharibu ua.

Mwaka jana nilianza kuandika kijitabu kuhusu miti inayoweza kumwokoa mtu aliyepotea porini. Sikutaka kuandika nisichokijaribu. Nikapanda vilima vya Gwassi, Homa Bay, peke yangu. Nilisuka kamba ya gome la mti wa powo, ikabeba uzito wangu. Nilikula ochuoga, matunda meusi ya kichaka cha miiba. Ikabaki ojuok. Nilikuwa nimesoma kwamba huwaka moto hata ukiwa mbichi, nikataka kuuwasha. Nikaukata kwa panga.

Maziwa yakanirukia machoni. Nikapangusa kwa mkono uleule uliolowa utomvu.

Kwanza niliona ukungu. Halafu ikawa kama nimepakwa pilipili na kusuguliwa mchanga juu yake. Makamasi yalinitoka, nikatapika. Kope zilivimba, hata kwa vidole hazikufunguka. Chupa yangu ya maji ilikuwa tupu. Simu ikalia. Kwa mlio wake nilijua ni Mama. Nilipapasa kioo kila upande, ikakatika. Ikalia tena. Ikakatika tena. Nikalia kwa sauti, mtu mzima.

Sijui nilikaa muda gani. Nilihisi jua likihama kutoka shavu moja hadi jingine.

"Yawa! Nani amekufa?" Ilikuwa sauti ya mwanamke nisiyemjua.

"Ojuok, mama. Macho."

Alinilaza, akaanza kunimwagia maji ya jerikeni aliyokuwa ameyabeba.

"Maji haya ni safi?" nikauliza.

"Eh, msomi. Unayaona?"

"Hapana."

"Basi nyamaza, nyathina, mwanangu. Fungua jicho."

Aliyamwaga yote. Kisha akanishikisha ncha ya fimbo, akaniongoza hadi barabarani. Akamwambia mtu wa boda, "Hospitali, Homa Bay. Akianza maswali, usimjibu." Akaenda zake. Mimi ninayeuliza kila kitu, sikumwuliza jina.

Daktari wa macho alisema kioo cha macho yote mawili kimeungua.

"Nitaona?"

"Bado sijui."

Siku zote nimewaheshimu watu wanaokiri kwamba hawajui. Siku ile nilimchukia.

Nilikaa siku tisa na bandeji. Mama alinilisha kwa kijiko, akanishika mkono kwenda chooni. Hakusema hata mara moja kwamba alinionya. Afadhali angesema. Usiku na mchana vilikuwa kitu kimoja, na sikuwa na la kufanya ila kungoja.

Siku ya kumi jicho la kulia likaona dirisha. La kushoto lina ukungu hadi leo.

Wewe unayesoma, utomvu huo ukikuingia machoni usipanguse. Mwaga maji, mengi, kwa muda mrefu, hata kama maumivu yanapungua, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kuuliza usiache. Mimi sijaacha. Ila uliza kabla ya kushika panga.

Nimerudi Gwassi mara tatu kumshukuru yule mama. Sura yake sikuiona. Kwa hiyo siku za soko husimama katikati ya akina mama wanaouza, nikafumba macho, nikasikiliza.