Sekunde Kumi za Kahawa Nyekundu

Siku hizi Benjamin akishuka kwenye gari, kijiji chochote kile, hagusi kamera kwanza. Anamwendea mtu wa karibu, anamwamkia, anamuuliza, "Hapa wote wazima?" Wafanyakazi wetu wapya wanamcheka pembeni. Mwanga mzuri unapotea, bosi anauliza habari za watu! Mimi Mackrine simcheki, na mdomo wangu mnaujua. Nilikuwepo siku aliyosahau kuuliza.

Kampuni yetu inaitwa Tazama Hapa. Leo tuko watu tisa, tunapiga filamu zetu wenyewe na tunatengeneza matangazo ya biashara, lakini tulianza wawili, na simu iliyopasuka kioo, kwenye harusi za Kaisho na Kituntu. Benjamin alipiga picha, mimi nilishika maikrofoni na kuwatuliza walevi. Watu walimsema, jamani! Mwanamume mzima kaachiwa migomba na baba yake, anazunguka na simu. Tulipotaka kupiga filamu ya kwanza, aliyekubali kukaa mbele yetu ni mmoja tu, Mzee Nolasco wa Nyakatuntu, mfugaji, aliyetaka kusimulia habari za ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa jina na ukoo. Kila dakika anauliza, "Nitazame wapi?" na Benjamin anajibu, "Tazama hapa, mzee." Kutwa nzima, tazama hapa, tazama hapa. Filamu ile ndiyo iliyotutoa, na jina tukalipata humo humo. Benjamin akawa anamwita baba.

Sasa siku yenyewe. Chama kimoja cha wakulima wa kahawa kilitupa tangazo la dakika mbili la kuwaonyesha wanunuzi mkutanoni. Msimamizi alikuwa dada Placida, mtu wa Muleba, mama asiyecheka ovyo. Alituambia wazi, tukifaulu, matangazo yote ya chama kwa miaka mitatu ni yetu. Tukishindwa, kuna kampuni ya Mwanza imekaa mkao wa kula. Na sisi kwa tamaa tulikuwa tumekataa harusi zote kwa miezi miwili. Kazi ile ikituponyoka, ofisi inafungwa.

Tangazo lilikuwa tayari, zilikosekana sekunde kumi tu, za mikono inayochuma kahawa nyekundu. "Alhamisi saa kumi na moja jioni liwe mezani kwangu," alisema Placida. "Bila mikono, msije." Msimu ulikuwa umekwisha, kahawa yote imeshaanikwa. Mama Felicitas wa Nyakatuntu peke yake ndiye aliyebakiwa na miti michache iliyochelewa kuiva, akatuambia njooni Alhamisi. Kabla ya hapo tulijifungia ofisini Kayanga siku mbili tukihariri, simu tumezima, Benjamin hataki kusumbuliwa na mtu.

Alhamisi tukaondoka kabla ya jogoo. Tulipofika Nyakatuntu jua lilikuwa limetoka, na mashambani hakukuwa na mtu hata mmoja. Hakuna anayelima, hakuna anayepalilia. Aliyelelewa huku haambiwi zaidi ya hapo.

"Benjamin, kuna msiba."

Kwetu mtu akifa, kijiji kizima hakishiki jembe wala hakichumi kahawa mpaka azikwe. Kukata ndizi za kuwapikia waombolezaji ni ruhusa. Kazi ya faida yako mwenyewe ni mwiko. Ukivunja, siku yako ikifika, nani atakuja kukuzika?

Mwanamume mmoja alikuwa amekaa kando ya barabara, mikono kifuani. "Tumefiwa," akasema. Benjamin akatoa kichwa dirishani, "Poleni sana, ndugu," akakanyaga mafuta. Hakuuliza nani. Na mimi sikuuliza. Niliogopa jibu lisije likatuzuia, nasema ukweli wangu.

Mama Felicitas hatukumkuta. Benjamin akashusha kamera.

"Nani atachuma?" nikamuuliza.

"Wewe. Kinachoonekana ni mikono tu."

"Kichwa chako kizima? Watu wana msiba!"

"Hatulimi, Mackrine, tunapiga picha. Sekunde kumi! Saa nne tusipokuwa barabarani hatuwahi kuhariri na kulifikisha kwa Placida, na tusipowahi tumekwisha."

Nikamtukana tusi ambalo siliandiki hapa. Kisha nikavua saa yangu, nikachukua kikapu, nikaingia shambani. Mawe, mama yangu! Nilichuma kwa pupa mpaka akanifokea. "Rudia. Polepole. Usivute tawi." Nikarudia. Kila jani likicheza nageuka, nikidhani ni mtu. Mara ya nne ndipo akasema, "Hiyo hapo, imekaa," akacheka kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mtu akakohoa nyuma yetu. Mama Felicitas alikuwa amesimama na panga, mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, mama," tukasema wote wawili.

Hakuitikia. Mtu mzima akikunyima marahaba, jua umekwisha.

"Tangu jana nawapigia simu, hampatikani," akasema. "Njiani hamkuambiwa kuna msiba?"

"Tumeambiwa, mama."

"Wa nani?"

Benjamin akanitazama. Mimi nikatazama kikapu.

"Mmeambiwa mtu amekufa, hamkuuliza nani?" Akautua mkungu chini taratibu. "Kuuliza tu! Ni Nolasco, Benjamin. Nolasco wako. Tunamzika leo saa tisa."

Benjamin akakaa chini palepale, kamera mapajani. Alisema "Hapana," mara moja tu.

"Nenda kwa wafiwa ukaseme mwenyewe mlichofanya," Mama Felicitas akamwambia. "Usiposema wewe, nitasema mimi."

Nikamvuta mkono. "Sasa hivi ni saa tatu. Picha tunayo, tukiondoka tunafika. Kesho tutarudi na mbuzi, tutaomba msamaha." Ndiyo, nilisema hivyo, na mama wa watu ananisikia.

"Kesho atakuwa ameshazikwa," Benjamin akanijibu, akainuka.

Kwenye msiba watu walikuwa wamejaa chini ya turubai. Yustus, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa mlangoni. Benjamin akasimama mbele ya wote, kamera mkononi, akasema: "Nimechumisha kahawa kijijini hapa asubuhi hii. Sikuuliza nani amefariki." Watu wakaguna. Mzee mmoja akataka kamera ivunjwe, mwingine akataka tufukuzwe. Mimi nilikuwa nahesabu dakika. Moyoni nilikuwa naomba watufukuze haraka, tuwahi.

Yustus akamsogelea Benjamin.

"Baba alikuwa anatuambia ana mtoto mwingine, mpiga filamu wa Kaisho, aliyemwonyesha kwa watu," akasema. "Futa."

Benjamin akafuta mbele yao. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ile ya nne kidole kilisita, nilikiona, nikasema moyoni, usiifute, ionee huruma, ibakize hiyo moja tu. Akaifuta.

"Leo hapa jembe linashikwa mahali pamoja tu," Yustus akasema. "Nenda kashike."

Wanaume waliokuwa zamu wakampisha, akavua shati, akaingia kwenye kaburi lililokuwa halijafika magotini. Mimi nikaelekezwa kwa wanawake waliokuwa wanamenya ndizi. Nilimenya huku machozi yananitoka, na dada mmoja akanipapasa mgongo akidhani namlilia Mzee Nolasco. Nilikuwa naililia ofisi.

Saa sita simu ya Benjamin, aliyoiwasha na kuniachia pamoja na shati, ikaita. Placida. Nikaiacha ikakata. Ikaita tena, nikapokea.

"Mko wapi ninyi? Mkurugenzi wenu yuko wapi?"

"Yuko kaburini, dada. Anachimba."

Nikajikaza nikisubiri kufokewa habari za mikono, habari za saa kumi na moja.

"Nani amefariki?" akauliza.

Kusikia kaburi tu, swali lake la kwanza hilo. Nikamtajia Mzee Nolasco.

"Poleni sana. Mzikeni vizuri." Kisha akaongeza, "Lakini mkutano ni kesho, Mackrine. Nawapigia wa Mwanza sasa hivi."

"Sawa, dada."

Mwezi ule ule tulifunga ofisi, tukarudi kwenye harusi, na kuifungua tena kulituchukua miaka miwili. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba basi, imekwenda. Nikafuata njia ya kaburini na simu mkononi.

Benjamin alikuwa amezama mpaka kiunoni, viganja vimetoka malengelenge.

"Nani alikuwa anapiga?"

"Placida."

"Kasemaje?"

Nilitaka kumwambia habari za Mwanza. Zilikuwa mdomoni kabisa.

"Ameuliza nani amefariki."

Benjamin akaweka jembe chini. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, ndani ya shimo la watu, mpaka wanaume wa zamu wakatazama pembeni. Kisha akafuta uso kwa mkono wenye udongo, akaokota jembe, akaendelea kuchimba.