Goti la Kupimia Nyasi

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi hakuwa na jina zaidi ya hilo. Fundi, nipunguzie kiuno. Fundi, zipu imekufa. Hakuolewa, na walionuna kwa ajili hiyo walikuwa watu wengine, si yeye. Hakuzaa pia, kwa hiyo hapakuwa na mtoto wa kumpa jina la mama fulani, kama tulivyopewa sisi wengine mpaka tukasahau majina tuliyozaliwa nayo. Chumbani kwake kuna kitanda, kiti, na cherehani ya miguu ambayo mchana huitoa barazani. Siku moja nilimwuliza kwa nini haongezi kiti cha pili. Akasema, "Cha nani?" Nikaona nimeuliza upuuzi, nikaenda kuanua nguo zangu.

Nyuma ya nyumba zetu kuna bonde. Ng'ombe wetu walikuwa wamelinyoa mpaka likabaki kipara. Mvua ikinyesha, udongo ulikuwa unaserereka wote kuingia kwenye kijito, na maji ya bomba yakitoka rangi ya chai. Makorongo yalichimbika hata mtu mzima akitumbukia huoni kichwa. Ndipo ukaja mradi wa kuhifadhi bonde. Wakazungushia uzio, wakaotesha nyasi, wakapigilia vigingi vyeupe huku na huku ili baadaye ijulikane kama bonde linapona kweli au ni maneno tu.

Afisa wa mradi alikuwa kijana mpole, wa kuuliza kila kitu mara mbili. Alituita kwenye darasa la shule ya msingi, tukabanana kwenye madawati ya watoto kama mizigo, akasimama mbele na chaki mkononi.

"Lengo sikuwekei mimi, mama," akaniambia, kwa kuwa nilikuwa nimenyoosha mkono kuuliza tutaruhusiwa lini kuingia. "Lengo mnaweka wenyewe. Niambieni, mtajuaje kwamba bonde limepona?"

Muuza maziwa, mwenye ng'ombe wengi kuliko sote, akasema atajua siku atakapowaona ng'ombe wake humo ndani. Tukacheka. Afisa hakucheka. Akasema iwe dalili ya kuonekana kwa macho, ambayo mtu yeyote akiitazama hana la kubisha. Watu wakakuna vichwa. Mwishowe mama mmoja akasema nyasi zikifika magotini, basi udongo umeshikwa. Hilo likapita bila kelele: nyasi zifike magotini kwenye kila kigingi, na kila kigingi maana yake kila kigingi, ndipo lango lifunguliwe tukate kwa zamu.

Kelele zikaja baada ya hapo. Magoti ya nani? Muuza maziwa ni mrefu kama mlingoti. Mimi nikisimama na nikikaa, tofauti si ya kutangaza. Afisa akasema tupime kwa futi, yaishe. Tukakataa. Mradi uliotangulia, ule wa visima, ulitupimia kwa namba. Namba zikasema maji yapo, ndoo zikasema hayapo.

"Namba inakaa ofisini kwenu," muuza maziwa akamwambia. "Goti linakaa hapa hapa, tunaliona."

Ikabidi tupange watu ukutani, warefu kwa wafupi, tutafute goti la kati. Fundi alikuwa amekaa dawati la nyuma, anashona pindo la sketi ya mtu, hana habari. Wakamvuta. Akapandisha gauni kidogo, tukalitazama lile goti kama watu ambao hawajawahi kuona goti maishani. Likakubaliwa.

"Basi, Mama Goti ndiye huyo," muuza maziwa akasema, darasa zima likavunjika mbavu. "Mama Goti, na usirefuke sasa."

"Kwa umri huu?" akajibu. "Labda nivimbe."

Sikuwahi kumsikia akitania mbele za watu. Na lile jina likashika siku ile ile.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwanzo wa mwezi alivaa mabuti ya mpira, akafunguliwa lango, akapita kwenye vigingi vyote. Kila penye kigingi anasimama wima, anatazama nyasi zimefika wapi mguuni: kifundoni, katikati ya muundi, chini ya goti. Akitoka anatutangazia, halafu anapaka rangi kwenye ubao wa pale langoni, nyekundu kwa kigingi ambacho bado na kijani kwa kilichofika. Miezi ya mwanzo tulimfuata kundi zima kama watu wanaomsindikiza bibi harusi. Tulimshika mguu, tulibishana, tulimwambia anakunja goti kwa makusudi. Lakini nyasi hazina haraka, na kila mtu ana sufuria yake jikoni. Tukapungua. Mwaka wa pili akawa anakwenda peke yake.

Kwenda naye tuliacha. Kumwuliza hatukuacha. Mtu akipita barazani kwake lazima apunguze mwendo. "Mama Goti, goti linasemaje?" Naye anasimamisha cherehani, anamjibu kigingi kwa kigingi, kile cha juu, kile cha jiwe, kile cha bomba la zamani. Watu ambao zamani walikuwa wanamtupia suruali na kuondoka sasa walisimama. Muuza maziwa alikuwa anashuka kabisa kwenye baiskeli, na muuza maziwa hashuki kwa ajili ya mtu asiyedaiwa naye. Fundi akanunua benchi, akaliweka pale barazani. Mara nyingi lilikuwa na mtu.

Vigingi vikafika kimoja kimoja. Ubao ukawa kijani, isipokuwa kile cha chini kabisa, kwenye kona ya korongo kuu, ambako udongo ulikuwa umekwenda wote na maji. Na tulikuwa tumeshasema kila kigingi. Mvua zikanyesha vizuri mwaka huo, hata paa langu halikuacha kuvuja. Akaenda, akarudi, akasema bado. Mwezi uliofuata akasema bado. Na mwingine tena.

"Mama Goti," muuza maziwa akamwambia, sasa hashuki kwenye baiskeli, "nyasi ndizo hazipandi, au goti ndilo linapanda?"

"Nenda ukaangalie mwenyewe."

"Niangalie kwa goti la nani?"

Utani ukaanza kuchacha. Muuza maziwa alikuwa ananunua majani ya ng'ombe kutoka mbali, na maziwa yake yakawa mepesi, ingawa hilo lina sababu zaidi ya moja na njia ya bombani anaijua. Wengine wakanong'ona kwamba mradi umemhonga ili usiishe. Mradi uliokuwa umempa mabuti ya mpira na kopo la rangi, umhonge kwa kitu gani? Lakini ng'ombe wangu mimi naye alikuwa amekonda hata mtoto angemhesabu mbavu. Nikamwambia fundi, "Mwezi huu nakwenda na wewe."

"Kuna umande."

"Nina mabuti."

Akakanyaga cherehani.

Tukaingia asubuhi. Nilikuwa sijatia mguu mle tangu enzi za kundi, na nikiri macho yangu hayakuamini. Makorongo yalikuwa yamefumbika kama midomo. Kijito kilikuwa cheupe, unaona mpaka kokoto. Na kimya, kimya cha kukufanya ukohoe ili usikie mtu. Kutoka kigingi hadi kigingi palikuwa na kijia chembamba, cha upana wa mguu mmoja, kimekatika vizuri katikati ya nyasi. Nikauliza nani anapita huku. Akanitazama kama nimeuliza mvua inatoka wapi. Kilikuwa chake.

Mbele yangu akawa anakwenda anaongea, si na mimi hasa. Akifika kwenye kigingi anakigusa kichwani.

"Huyu alikuwa mvivu huyu. Huyu alianza vizuri, halafu jua likamkatisha tamaa. Huyu hakunisumbua hata siku moja."

Nilitaka kumtania. Utani ulishafika ulimini. Nikaumeza.

Kigingi cha mwisho kilikuwa pale kwenye kona. Ubavuni mwake palikuwa na bonge la udongo, kichuguu cha zamani kilichokufa, na kile kijia chake kiliishia juu ya kichuguu hicho. Alikipanda bila kuangalia chini, kama mtu anavyopanda kizingiti cha nyumbani kwake, akasimama wima. Udongo wa pale juu ulikuwa umekanyagwa mpaka unang'aa. Nyasi zilimfika chini ya goti.

"Bado," akasema, akitazama kijitoni.

Nikatazama kichuguu. Nikatazama vigingi tulikotoka, ambako kote alisimama chini, kwenye ardhi yenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama bondeni kama kawaida ya binadamu, na nyasi zilikuwa zimenimeza mapajani.

Watu wananijua kwa mdomo. Nimeshamtoa mtoza kodi mlangoni kwa mdomo. Pale nilichopata kusema ni, "Na mwezi uliopita ulisimama hapo?"

"Ndiyo."

"Na ule mwingine?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, dada?"

Akachuma jani, akalichana katikati kwa ukucha, polepole, kama anafumua mshono.

"Likifunguliwa lango," akasema, "wataniuliza nini?"

Ningeweza kumwambia tutakuuliza habari za afya yako, tutakuuliza umeamkaje. Lakini yeye na mimi tumetenganishwa na ukuta mmoja, na yale tuliyokuwa tunamwuliza kabla ya nyasi anayajua vizuri kuliko mimi. Nikasema lile lililokuwa rohoni.

"Ng'ombe wangu anakufa njaa."

"Najua. Namsikia akilia."

Tukakaa hivyo, yeye juu, mimi chini, mpaka nikahisi baridi ya umande ndani ya mabuti. Sikumwambia ashuke. Nilifikiri kumwambia, tena zaidi ya mara moja, kisha nikamwachia mwenyewe, kwa kuwa goti lilikuwa lake na neno lilikuwa lake. Nami ningerudi nikasema nini kwa watu? Kwamba nimemkamata? Fundi wa watu?

Akashuka. Nyasi zikamzunguka, zikapita goti, zikapita na kiganja kizima juu yake. Hakuinama kutazama.

"Zimefika," akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mtu kwamba suruali yake iko tayari. Akageuka, akaanza kurudi kwa kile kijia, na safari hii hakugusa kigingi hata kimoja.

Ubao akaupaka kijani mwenyewe. Habari ikazunguka mtaa mzima kabla rangi haijakauka.

Siku ya kufungua lango afisa wa mradi alikuja na wageni wawili, wakatupigia makofi. Akasema lengo tuliloliweka kwa midomo yetu limetimia, kwa hiyo kazi ya kupima imekwisha, sasa inaanza kazi ya kukata kwa zamu. Wakataka picha pale kwenye kigingi cha mwisho. Fundi alikuwa amevaa gauni zuri, la kola, alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Mpiga picha akachuchumaa, akapiga goti na nyasi, basi.

Afisa akawa anaandika. "Kwa nini hiki kilichelewa hivi?" akauliza. "Niseme udongo wa hapa ni dhaifu? Tuoteshe nyasi upya?"

Nilikuwa nimesimama karibu. Nikamkazia fundi macho ajibu ndiyo. Ndiyo moja tu, yaishe, twende tukakate nyasi.

"Udongo hauna kosa," akasema. "Hakikuchelewa. Nilikuwa nasimama pale juu." Akaonyesha kichuguu kwa kidole.

Afisa alimwuliza mara ya pili, kama kawaida yake, naye akajibu vile vile. Kijana wa watu akafuta alichoandika, akaandika kingine, wala hakumkaripia. Aliyemgeukia ni muuza maziwa.

"Kwa hiyo miezi yote hiyo nanunua majani," akasema taratibu, na taratibu yake ilikuwa mbaya kuliko kelele, "wewe uko juu ya kichuguu."

"Ndiyo, kaka."

"Ulikuwa unatafuta nini huko juu?"

Akainama, akavua viatu vyake vizuri. Mtu angejibuje swali hilo mbele ya wageni? Muuza maziwa akasonya, akachukua panga lake, akaingia kukata, na watu wakamfuata, kwa kuwa nyasi zilikuwepo na ng'ombe walikuwa na njaa. Wageni wakapanda gari. Nilipogeuka tena fundi alikuwa ameshafika barabarani, anatembea pembeni kabisa, amebeba viatu vizuri mkononi.

Sasa zamu zinakwenda. Jioni watu wanapita mbele ya baraza zetu na matita ya nyasi vichwani, matita makubwa yanayoning'inia mpaka puani, hata mtu akitaka kusalimia hakuoni. Na wengi hawataki. Suruali wanamletea, kwa sababu hakuna fundi mwingine karibu na zipu haziachi kufa kwa ajili ya hasira za mtu. Wanaleta, wanataja siku, wanaondoka. Benchi lipo, amelirundikia vitambaa. Muuza maziwa anapita njia ya nyuma, ambayo ni ndefu na ina matope.

Zamu yangu ilipofika nilikata tita la kutosha, nikajitwika. Nilipofika usawa wa baraza yake nikaegemeza tita ukutani ili nipumzike, ingawa mlango wangu ulikuwa hatua chache mbele. Cherehani ikasimama. Akatoka, akazishika nyasi zangu kwa chini, pale panga lilipopita, akazigeuza geuza.

"Umekata chini mno," akasema. "Acha kiganja kimoja, zipate kuchipua."

"Sawa," nikasema.

Nikangoja kidogo aongeze neno, hata la ugomvi. Akarudi kwenye kiti, akatafuta kanyagio kwa mguu, akaendelea na suruali ya mtu. Nikajitwika tita langu, nikaenda kumpa ng'ombe, naye akala bila kuinua kichwa.