Gumba Nje, Gumba Ndani

Mjukuu wangu akitoka huko anakokwenda kunyanyua vyuma, huja kuniamkia kabla hajaoga. Ananipa mkono, nami naubakisha mkononi mwangu muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili salamu. Ananuka chuma. Si harufu ya kutu peke yake, ni ya chuma kilicholowa jasho la kiganja, na kama hujawahi kuishi karibu nayo utasema bibi huyu anazeeka vibaya. Basi nisameheni. Harufu hiyo hunirudisha Kibiti, enzi za Mwingereza, uani kwa kina Gulamali.

Kwetu hasa ni Salale, deltani, kwa wakata mikoko. Mama alipofariki, kaka yangu Athumani alipata kazi ya kubeba mizigo katika duka la baba yake Gulamali pale Kibiti, nami nikafuatana naye kwa kuwa shangazi yetu alikuwa ameolewa hapo. Baba alibaki Salale na boriti zake. Nilikuwa kitoto cha kike chenye maneno mengi, na Athumani ndiye aliyenidekeza. Kila alipotoka dukani aliniwekea kiganjani kibonge cha sukari guru, akasema kama alivyokuwa akisema mama akitugawia kitu: "Fumbata." Nami nilikuwa nafumbata mpaka sukari inaanza kuyeyuka.

Gulamali alikuwa kijana wa Kihindi wa rika la kaka, mwembamba, mwenye miwani. Siku moja ilimfikia picha kutoka Bombay, ya mtu aliyelala chali juu ya benchi akisukuma chuma kwenda juu, na kuanzia hapo hatukupata raha. Aliokota ekseli ya lori la watengeneza barabara lililofia njiani, akafunga gurudumu la toroli kila upande, akachimbia nguzo mbili zenye panda za kuiegeshea. Benchi aliliondoa barazani, wazee waliozoea kulikalia wakabaki wamesimama wananung'unika. Nguvu hakuwa nazo yeye, nguvu alikuwa nazo Athumani. Kaka yangu aligundua kwamba ana kifua, na tangu hapo shati likawa linamwasha hata siku za manyunyu.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, kidole gumba kikae wapi.

Kwetu deltani boriti hupakiwa mashuani kwa kupokezana, mkono kwa mkono, na jambo la kwanza analofundishwa mpakizi ni gumba nje. Unaipokea kwa kiganja na vidole vinne, gumba unalilaza pamoja na wenzake, ili mti ukiteleza uende zake usiondoke na kidole. Mti ukiyumba, yeyote anayeuona hupiga ukelele, "Gumba!" na mikono yote huachia papo hapo. Baba alichelewa kuachia ujanani mwake. Gumba lake la kulia lilibaki limepinda, limebonyea, mithili ya kipande cha tangawizi.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo ukimlaza chini ya ekseli, atashikaje? Athumani aliilaza kiganjani, gumba nje, kama boriti.

"Boriti ikiteleza unaruka pembeni," Gulamali alimwambia. "Hapa utaruka uende wapi? Hii ikiteleza inakuja kooni. Weka gumba ndani, liizunguke."

"Gumba ndani kifundo cha mkono kinaniuma. Hivi naiona nyepesi."

"Nyepesi mpaka siku itakapokukaba."

Mimi nilikuwa nakaa juu ya debe karibu na kichwa cha kaka, kazi niliyojipa mwenyewe, kuvichunga vidole vyake. Siku moja alipokubali kuyaweka magumba ndani, nikaliona moja linachomoka, nikamkumbusha kwa sauti, "Kaka, gumba!" Badala ya kulirudisha, akalitoa na lile la pili! Ekseli ikachezacheza kiganjani, Gulamali akaidaka kwa kuwa ilikuwa bado usawa wa panda. Alicheka mpaka akakaa chini. Athumani naye akacheka. Mimi sikucheka. Niliona wazi kwamba neno lile mikono ya kaka yangu ililijua kwa maana moja tu, na sikuwa na neno jingine.

Ikaja Idi. Watu wa delta walikuja Kibiti na nguo zao mpya, baba akiwa miongoni mwao. Utingo mmoja wa lori la Ikwiriri, jitu la miraba minne, akaisukuma ekseli mbele ya umati, akasimama akipangusa mikono.

"Watu wa matope mnajua miti," akasema. "Chuma kina wenyewe."

Athumani akaongeza gurudumu kila upande. Akalala. Akaweka mikono, akaisogeza, akaiweka tena, na magumba yote mawili yakiwa nje. Gulamali akakunja mikono kifuani.

"Ukishika hivyo nachukua benchi letu naingia ndani."

Watu wakacheka. Kaka akanitazama, uso wake juu chini, na jasho limeshaanza. Kisha, taratibu, akayaingiza magumba.

Ekseli ikatoka kwenye panda. Ikashuka hadi kifuani, ikaanza kupanda, na katikati ya safari ikakwama. Mkono wa kushoto ukatetemeka, chuma kikalala upande. Baba, ambaye hakuwa amewahi kuuona mchezo huo, aliona kitu alichokijua maisha yake yote, mzigo unaoyumba juu ya mikono ya mtu.

"Gumba!" akapiga ukelele.

Watu wa delta wote wakaudaka. "Gumba! Athumani, gumba!"

Nikaliona la kushoto linatoka. Nikaliona la kulia linafuata. Chuma kikaanza kubiringika juu ya viganja vitupu kuelekea kifundoni, na chini yake koo la kaka yangu likipanda na kushuka. Gulamali alishaweka mikono yake chini ya ekseli, uso umemwisha damu, lakini chuma kile kikishakuja, mtu mmoja hakizuii. Mdomo wangu ulikuwa wazi na ndani yake mlikuwa na neno moja tu, lile lile linaloua. Niliogopa, jamani, sijapata kuogopa vile tena. Nikamwinamia mpaka pumzi yangu ikagusa paji la uso wake.

"Fumbata! Kaka, fumbata!"

Vidole vikajifunga. Vyote, na magumba juu yake. Chuma kikasimama pale kilipokuwa, kikitetemeka, mpaka Gulamali akapata pa kushika, wakakiinua wawili wao na kukirudisha kwenye panda.

Utingo akapewa ushindi wake na hakuna aliyemjali. Baba alimwinua Athumani akamkumbatia, analia mbele za watu bila haya. "Ningechelewa kidogo tu kumwita," alikuwa akimwambia kila aliyemsogelea, "leo tungekuwa tunazika." Na hivyo ndivyo alivyokisimulia kisa hicho mpaka anaingia kaburini.

Nilikasirika hadi nikakataa pilau. Nikamfuata Athumani uani.

"Mbona humwambii? Yeye ndiye aliyetaka kukuua!"

Kaka alikuwa ameegemea ukuta, anajisugua viganja.

"Siku mti ulipomvunja gumba," akasema, "hakuna aliyemwita. Walikuwa wanauona unakuja, wakanyamaza kwa woga. Tangu siku hiyo anatuita sisi wote. Muache."

Sikumwelewa. Nilimwona mjinga, mpaka nilipozaa wangu nikaanza kuwapigia kelele juu ya hatari nilizozijua mimi, huku wao wamelala chini ya nyingine kabisa. Hapo ndipo nilipomlilia baba yangu upya, kwa ule ukelele wake.

Basi mjukuu akinipa mkono unaonuka chuma, mimi naukunja kwa mikono yangu miwili, kidole baada ya kidole, na gumba nalilaza juu. Yeye hucheka.

"Bibi, umeniwekea nini humu?"

"Fumbata tu," namwambia.